Mke Wake Asiambiwe

Tarehe 6 Februari

Juzi nimeambiwa mara sita kwamba nakufa, mwanangu, na madaktari sita tofauti, na yule wa sita alilia yeye badala yangu!

Usishtuke, kaa kwanza. Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujachana bahasha. Sisi hatujambo. Mdogo wako amepata kazi ya kuvuta nyaya za umeme kwenye lile ghorofa jipya, mkewe ni mjamzito tena ila hataki watu wajue, kwa hiyo nimewaambia wachache tu. Shangazi yako mguu umepona, ulimi bado. Nimeandika kwa sababu simu yako hainitoshi. Ukipokea unasema "nakuja, Mama," kisha hurudi. Karatasi haina mahali pa kukimbilia.

Sasa habari yenyewe. Unajua miaka ishirini na miwili nimefua na kukunja mashuka ya hospitali hii. Nilipostaafu nilidhani wamenisahau. Kumbe yule daktari mrefu anayefundisha madaktari wachanga maadili, tunamwita Mwalimu, alikuwa anatafuta watu wazima wa kuigiza ugonjwa ili wanafunzi wake wajifunze kumwambia mtu habari mbaya. Akasema, "Nileteeni yule Mama Daktari wa kufulia." Mama Daktari ndiye mimi, kwa sababu yako wewe uliye daktari. Nimepewa gauni la wagonjwa na karatasi: wewe ni mama wa miaka sitini, una saratani ya ini, bado hujui.

Wa kwanza, kijana mmoja tuliyembandika jina la Haraka, alisimama mlangoni kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Akasema, "Mama, majibu yamerudi, si mazuri, tutajitahidi." Nikamwambia, "Baba, hata anayekuja kusoma mita ya maji huwa anavuta kiti." Darasa zima likacheka, Mwalimu naye akacheka mpaka akavua miwani.

Wanazo hatua zao, nimezishika zote kuliko wao. Kwanza ukae chini, macho yenu yalingane. Pili umwulize mgonjwa yeye mwenyewe anaelewa nini. Tatu umwulize anataka kuambiwa kiasi gani. Nne umtayarishe. Tano ulitaje jina la ugonjwa lenyewe, bila kuzungukazunguka. Sita unyamaze. Hiyo ya sita ndiyo inawashinda wengi. Msomi na kunyamaza ni paka na maji.

Mwalimu aliniambia mbele ya watu, "Mama Daktari, leo umetufundisha kuliko kitabu." Nikamjibu, "Kwani yule binti yangu unadhani akili aliokota sokoni?"

Haya. Nipe habari za baba yako. Ni macho gani hayo yanatibiwa wiki saba? Aliondoka hapa akisema wiki mbili, na begi la wiki mbili. Nikipiga simu unaniambia amelala. Mtu anaumwa macho analala saa nne asubuhi? Au huko kuna nesi wa kumdondoshea dawa kwa vidole laini? Mwambie mimi macho yangu ni mazima, naona hata nisipokuwepo.

Mama yako anayekupenda na kukuvimbia.


Tarehe 27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenielemea wodini na darasani. Barua yako niliwasomea wenzangu chumba cha chai, wakaniuliza kama unaweza kuja kutufundishia na sisi. Hongera sana, Mama. Hiyo kazi unayoifanya ni kubwa kuliko unavyodhani. Mpe mdogo wangu pongezi za kazi, na mkewe pongezi ambazo sijui ni za nini.

Baba bado anaangaliwa. Yupo kwangu, anakula kidogo kidogo. Nakutumia picha yake tuliyopiga barazani.

Mama, nilitaka nikuulize jambo. Wewe mwenyewe unaielewaje hii safari ya Baba? Na je, wewe ni mtu anayependa kuambiwa mambo yote kwa undani, au ungependa kujua yale ya muhimu tu? Hakuna jibu baya.

Binti yako.


Tarehe 8 Machi

Hatua ya pili na hatua ya tatu! Umenifanyia hatua, wewe mtoto!

Marahaba, na salamu zote nazipokea, lakini leo salamu zisubiri nje. "Unaielewaje safari ya Baba." "Ungependa kujua kiasi gani." "Hakuna jibu baya." Hata Haraka amekwisha kuambiwa asiseme "hakuna jibu baya" kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekupeleka shule huku nanuka sabuni ya hospitali, leo unanivalia koti jeupe ndani ya barua? Unajua nilifanya nini niliposoma? Nilivuta kiti nikakaa. Maana hatua hizo hazianzwi kwa mtu mwenye habari njema. Hakuna daktari anayekuuliza unataka kujua kiasi gani kisha akakwambia umepata mjukuu.

Sasa nisikilize na mimi, nikupe vipimo vyangu.

Ile picha. Amevaa shati lake la buluu, lile ambalo kifungo cha juu hakikufunga tangu ulipomaliza chuo. Sasa kifungo kimefunga na shingo inaelea ndani kama kalamu kwenye kikombe.

Pili, alimpigia simu mdogo wako wakaongea saa nzima. Wale wawili, ambao kuongea kwao kwa kawaida ni "umekula?" na "nimekula." Nikambana mdogo wako anieleze. Akasema Baba alikuwa anamfundisha mabomba yote ya uani yanapopita, ni wapi aliyaunga na kwa nini, na koki ipi ifungwe kwanza ya jikoni ikipasuka. Miaka yote hiyo baba yako hajamwonyesha mtu mabomba yake. Hata mimi nikimwuliza anasema "siri ya fundi." Fundi wa mabomba anaumwa macho, kisha anakabidhi koki?

Tatu, wewe mwenyewe. Barua yako haikuwa na utani hata mmoja kumhusu baba yako. Ninyi wawili mnataniana tangu hujaota meno.

Mwanzoni nilidhani ni mwanamke. Nakuapia, nilikaa jikoni nikamtukana huyo mwanamke mchana kutwa, nikamvalisha na hereni. Sasa naomba awe ni mwanamke kweli.

Jibu langu la hatua ya tatu hili hapa, liandike kwenye faili: nataka kuambiwa yote.

Mama yako.


Tarehe 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Siwezi, Mama. Si kwamba sitaki. Kuna maswali ambayo nikikujibu hapana nitakuwa mwongo, na nikikujibu ndiyo nitakuwa msaliti. Mambo ya Baba ni ya Baba kuyasema. Naomba usinichukie.

Anakusalimu. Anasema macho yanaendelea.

Binti yako.


Tarehe 4 Aprili

Wiki hii sikuwa mgonjwa, mwanangu. Nimepandishwa cheo: nimekuwa mke.

Hujambo lakini? Sisi tupo. Mkwe wangu tumbo limekwisha kuonekana, kwa hiyo sasa siri ni yake peke yake. Shangazi yako anasema nimekonda. Nimemwambia ni mazoezi.

Nakueleza darasa lilivyokuwa, ulisome polepole. Mwalimu alituletea kisa kipya. Alisema kimetoka kwa daktari wa mbali aliyekipeleka kwenye majadiliano yao, wale madaktari wanaoandikiana wakikwama. Jina limefichwa na kazi imebadilishwa, ndivyo inavyotakiwa. Mgonjwa ni dereva mstaafu wa lori, miaka sitini na saba, saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Anatibiwa mji wa mbali na kwake. Ana binti daktari hospitali hiyo hiyo. Amekataza mkewe asiambiwe. Karatasi yangu mimi ilisema: wewe ni mke, umekuja kumwuliza daktari mume wako ana nini.

Kabla hatujaanza Mwalimu akawasomea wanafunzi maneno ya mgonjwa, kama alivyoyasema mwenyewe. Nimeyashika, sikuhitaji kuyaandika. "Mke wangu asiambiwe. Akijua atanipikia kwa huruma, na chakula cha huruma hakina chumvi. Mimi nimezoea kupikiwa kwa hasira."

Madaktari wachanga wakacheka. Mimi niliomba maji ya kunywa.

Kisha wakabishana, na wanajua kubishana hao. Mmoja akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata mke hana haki nayo. Binti mmoja mwenye sauti nzito akamrukia: "Na mke akifungua mlango akaletewa jeneza, utamwonyesha kanuni namba ngapi?" Yule akasema, "Sheria ni sheria." Binti akasema, "Na mke ni mke." Ilikuwa vurugu. Aliyewanyamazisha ni Haraka, usiamini! Alisema, "Kwani tumemwuliza mara ngapi huyu mzee? Hapana ya siku ya kwanza si hapana ya siku ya arobaini. Tumwulize tena. Tumwulize anaogopa nini." Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaandika ubaoni: aulizwe tena.

Zamu ya kuigiza ikafika, na aliyepangwa ni huyo huyo Haraka. Safari hii alivuta kiti. Nikamwuliza, "Daktari, mume wangu ana nini?" Nilitakiwa niulize mara moja, nikauliza mara tatu, sauti sijui ilikuwaje. Akanijibu, "Mama, yaliyo yake siwezi kukuambia mimi. Lakini kama wewe una neno la kumwambia yeye, nipe nilifikishe." Kisha akanyamaza. Alinyamaza vizuri, yule mtoto. Walipopiga makofi nilikuwa nimekwisha kutoka.

Wewe sikuulizi kitu. Nimekuelewa barua iliyopita. Hukuniambia neno lolote, hata nikisimamishwa popote nitasema hivyo. Karatasi haikuwa na jina la mtu, na Mwalimu hajui, amefurahi tu kwamba mama wa kufulia anajua kulia kwa kuigiza. Usije ukajiadhibu.

Ila ukurasa wa pili si wako. Msomee baba yako, kwa sauti, na usiruke hata palipo na matusi.

*

Wewe Fundi.

Macho yanaendelea, siyo? Yanaendelea kwenda wapi?

Umeniona mimi mtoto wa chekechea. Mwanao umemwachia ramani ya mabomba, binti yako umembebesha siri kama gunia la saruji, mimi mkeo wa miaka thelathini na nane umeniachia salamu. Mficha maradhi kilio humuumbua, nawe hukuficha hata vizuri. Umevaa shati la kujishtaki ukapigwa picha.

Unaogopa huruma. Nani alikwambia ninayo? Niliyokuwa nayo niliimalizia kwa mama yako, Mungu amrehemu, miaka ile minne aliyolala chumba chetu akisema sijui kukunja shuka. Mimi! Shuka! Kilichobaki ni hasira tupu, na umeniongezea nyingine ya kunitosha mpaka mwakani.

Unaogopa nitakutazama. Nitakutazama, ndiyo. Kwani miaka yote hiyo ulidhani natazama nini, ukuta?

Mimi siku hizi ni mtu wa darasani. Nimekaa na madaktari wanabishana mchana kutwa kuhusu mashine ipi izimwe na bomba lipi liingizwe, na nimeona kitu kimoja: wagonjwa wanaulizwa habari za mashine, hawaulizwi habari zao. Basi mimi nakuuliza habari zako. Sitaki jibu la macho. Unataka kulala wapi? Huko, kwenye kitanda cha magurudumu, ukigeuzwa na mtu asiyejua kwamba ubavu wa kushoto huulalii? Au hapa?

Jibu, na ujibu upesi. Kunikatalia ni haki yako, nimefundishwa hivyo na ninaheshimu. Lakini ukatae mwenyewe, kwa mdomo wako, usimtume mtoto.

Mkeo.


Tarehe 17 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nilimsomea. Nilisoma kwa sauti na sikuruka.

Mwanzoni alitazama dirishani. Nilipofika kwa Bibi na shuka akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka mpaka akashika tumbo, nikataka kusimamisha, akanikataza. Kisha akalia, Mama. Sijawahi kumwona. Nilikumbuka ile hatua ya sita, nikanyamaza, ingawa mgonjwa akiwa baba wa daktari mwenyewe hatua zote zinakimbia.

Baadaye akasema, "Mwambie. Mwambie yote, alishajua, nilikuwa najidanganya peke yangu kama mpumbavu." Kwa hiyo nakuambia, kwa ruhusa yake, na kwa jina lake lenyewe. Baba ana saratani ya kongosho. Imefika kwenye ini. Aliijua wiki ya pili tangu aje. Haitapona. Tunazungumza habari ya wiki, Mama, si miezi.

Alhamisi madaktari wanaomtibu walikaa, nami nilikaa nje kwa sababu mimi ni mtoto wake. Mmoja alitaka Baba afunguliwe tumbo, awekewe njia mpya ya nyongo. Mwingine akasema hiyo itampa siku kumi zaidi na zote za wodini. Wakaenda kumwuliza mwenyewe. Baba akamwuliza yule wa kwanza, "Wewe ungemfungua baba yako?" Yule daktari akafunga faili, na Baba akasema, "Basi nirudisheni kwangu."

Hilo ndilo jibu lake kwako. Anataka kulala hapo.

Kuhusu kile kisa, ni mimi. Nilikwama na sikuwa na wa kumwuliza. Nilibadilisha kazi, nikabadilisha umri. Maneno yake niliyaacha kwa sababu tunafundishwa kuandika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, na kwa sababu yalikuwa mazuri. Sikuwaza kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake maneno hayo hayahitaji jina. Nimemwendea mkuu wangu nimekiri, atanisema mbele ya kamati mwezi ujao. Nimemwambia na Baba. Alisema, "Hujui kuficha kitu, umemrithi nani?"

Unanichukia?

Binti yako.


Tarehe 22 Aprili

Kitanda kimekwisha kuhamishwa, na nimemwambia Mwalimu kila kitu, na amelia!

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako, nisije nikalisahau kwa shughuli: hapana. Kamati hiyo ikikusema, wewe kaa wima, kisha waambie mama yako anauliza wao wangefanya nini. Binti aliyetunza siri ya baba yake mpaka akakonda mwenyewe, hata kama imemponyoka kwa mlango wa uani, mimi namtangaza. Nimekwisha kumtangaza. Mtaa mzima unajua kwamba binti yangu hakuniambia. Wanaona ni sifa ya ajabu, ila wamenipongeza.

Hii nimempa dereva wa basi mkononi, posta ina mwendo wa kinyonga.

Mdogo wako na mafundi wenzake wameondoa kabati kubwa chumba cha mbele na kuweka kitanda usawa wa dirisha, wamesogeza swichi ya taa ifikike kwa mkono wa kulia. Mlango wa choo umepanuliwa, kiti cha magurudumu kinapita, nimekijaribu mimi mwenyewe nikiwa nimekalia. Shangazi yako alisema atalala hapa mpaka mwisho. Nimemwambia asiseme "mpaka mwisho" ndani ya nyumba hii. Akalia, nikamwonea huruma, kumbe ninayo bado. Usimwambie.

Mwalimu atatuletea nesi kila asubuhi, na Haraka ameomba aje naye ajifunze. Mwalimu ameleta karatasi ya ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu, mofini. Hapo nilimsimamisha. Nimesikia watu wakisema dawa hiyo ndiyo wanayowapa wagonjwa ili waende upesi. Nikamwuliza Mwalimu ana kwa ana, "Hii ni ya kumtuliza au ya kumsindikiza?" Akasema, "Ya kumtuliza, Mama. Ikitolewa kwa kipimo, inaondoa maumivu, haimwondoi mtu." Nikamwuliza mara ya pili kwa maneno mengine. Nikamwuliza mara ya tatu wakati ameinama kufunga kamba za viatu, maana mtu akiinama hupata shida kudanganya. Mara zote alisema vile vile. Nimekubali, lakini kipimo nitakisoma mimi, kila asubuhi, na miwani yangu.

Amenifundisha pia ni nini kitakuja: atakula kidogo, kisha kidogo zaidi, atalala sana, mikono itapoa. Nilimwambia aniambie yote, akaniambia. Habari zangu mimi usiniulize kwenye karatasi. Utaniuliza ukifika.

Msafiri asubuhi, asichomwe na jua. Umweke ubavu wa kulia. Msimamishe gari kila anaposema simama, hata mkichelewa. Akitaka kuendesha mkatalie, atataka. Mdogo wako atakuwa hapa, na mkewe, na shangazi yako na wanawe wote wanne, na wale mafundi wawili ambao baba yako aliwafundisha kazi, wameomba ruhusa kwa tajiri wao. Nimewaambia wote siku moja ili asije akahesabu nani kachelewa. Tunawasubiri Jumamosi, tarehe ishirini na tisa, saa sita mchana.

Mama yako.